Mdeki, utambi na pembe: vifaa vya mzinga wa mkono wa maonyesho

Mzinga tunaouzungumzia ni mfano mdogo wa bunduki ya kale, wa kuwekwa kabatini. Mdomo wake umekerezwa milimita 5.5 kwa kina cha sentimita 2 tu, na tundu la utambi ni alama ya panchi isiyofika ndani. Uache hivyo. Ukiutoboa ukapitiliza, unakuwa na kesi ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114.

Kwanza amua kipimo. Mzinga wa mkono wa Tannenberg, Ujerumani, uliotoka kwenye ngome iliyobomolewa mwaka 1399, una urefu wa takriban sentimita 32. Kwa theluthi moja, wako utakuwa sentimita 10.7, na kila kifaa kigawanywe kwa tatu vilevile, hasa unene. Hapo ndipo wengi hukosea: urefu unapunguzwa vizuri, unene unabaki wa kitu kikubwa, na kazi yote inaonekana ya kitoto.

Kwa mdeki, yaani kijiti cha kushindilia baruti, kijiti cha mishikaki cha milimita 3 kinatosha kabisa. Kikate sentimita 11. Kichwa ni kipande cha mvule, na mabaki yake hupatikana kwa mafundi wa samani pale Kibuye, Kisumu. Anza na kipande kinene cha milimita 8, toboa tundu la milimita 3 katikati, ndipo ukifunge kwenye drili na kukipunguza kwa msasa namba 120, kisha 240. Ukipunguza kwanza ukatoboa baadaye, kitapasuka. Kiishie milimita 5, si 5.5: unyevu wa ziwa huvimbisha mti, na kichwa kilichobana kitakwama mdomoni masika yakianza.

Utambi ni kamba ya pamba ya milimita 2 iliyolazwa usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea. Rangi inatoka ya kahawia chafu, ndiyo tunayoitaka. Usiitie dawa yoyote, haitawashwa.

Pembe ya baruti, ambayo itabaki tupu, ndiyo kazi yenyewe. Omba pembe ya mbuzi buchani. Ukishautoa mfupa wa ndani, ingiza waya mpaka ugote, uweke alama kwa nje. Kuanzia hapo hadi nchani hakuna mfupa, ni pembe tupu. Kata sentimita 4 za mwisho kwa msumeno wa chuma. Toboa upande mnene kwa biti ya milimita 4, kina sentimita 1.5, ukisimama kila mara ipoe. Ikianza kunuka kama nywele zilizoungua, umeharakisha, na ukingo utachanika tabaka tabaka. Vaa barakoa, na piga msasa ukiwa na maji, kwa sababu vumbi la pembe ni baya kwa mapafu. Msasa namba 400, kisha 800, halafu kitambaa chenye Brasso. Pete za kufungia kamba zinatoka kwenye waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 usiosukwa: uchune, uzungushe kwenye msumari wa inchi 3, ukate.

Kigango, yaani kishikio cha utambi, kipinde kwa rodi ya brasi ya milimita 3.2, ile ya kuchomelea. Ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu kabla ya kuipinda, la sivyo itakatika kwenye kona.

Gundisha kwa epoksi. Supa gluu ndani ya kabati la kioo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye brasi, na kuuondoa bila kuharibu rangi ya utambi ni usumbufu.