Kunyanyua pua ya Hilux ikae sawa bila kuua mguu wa mbele

Wakuu habari za saa hizi. Hii naandika kwa wenye pikapu, hasa Hilux Vigo na nyingine za aina hiyo zenye springi za duara mbele na springi za bapa nyuma, maana hapa Dodoma kila siku naona gari inapita pua iko chini matako juu, na mwenyewe akiingia gereji anaambiwa weka spesa tu bosi, nusu saa umemaliza unaondoka. Spesa ni kipande kinachowekwa juu ya shokapu kunyanyua gari. Mimi niliambiwa hivyo hivyo nikakubali, nitasema huko chini kilichonikuta.

Kitu cha kwanza kabisa, pikapu inatoka kiwandani nyuma ikiwa juu kidogo na wamefanya makusudi. Gari ni ya mzigo. Ukienda Kibaigwa ukapakia gunia za mahindi, ile nyuma inashuka na gari inakaa sawa, ndio hesabu yake. Sasa wewe ukinyanyua mbele mpaka ilingane na nyuma wakati bodi iko tupu, siku ukipakia pua inaangalia mawinguni, taa zinawapiga wenzako usoni na usukani unakuwa mwepesi kama vile tairi za mbele hazigusi lami vizuri. Kwa hiyo jiulize kwanza gari yako inaishi vipi. Kama siku nyingi iko tupu, unazunguka nayo Makulu, Area D, Ihumwa, na mara moja moja unaenda shamba, nyanyua mbele lakini iache nyuma juu kwa sentimita 1 mpaka 2. Kama ni ya kubeba zabibu Hombolo au mahindi kila wiki, usinyanyue kwa sababu ya muonekano, rudisha tu urefu wa kiwandani kwa springi mpya.

Halafu pima. Usipime kwa macho, na usipime kutoka chini ardhini maana tairi ikiwa na upepo kidogo au imelika inakudanganya. Peleka gari sehemu iliyo sawa, sakafu ya sheli inafaa asubuhi kabla ya foleni, jaza upepo tairi zote, isukume mbele na nyuma kidogo ikae, kisha pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda. Miguu yote minne, andika. Ya kwangu mbele kulia ilikuwa chini kuliko kushoto kwa sentimita moja na nusu. Hiyo ni springi imechoka upande wa dereva, ambapo kuna dereva na usukani siku zote. Spesa haiponyi springi iliyochoka, inaificha tu, na mimi nilikuwa sijui.

Sasa ndio kisa chenyewe. Fundi alinichongea spesa za chuma za sentimita 3, akaziweka juu ya shokapu pande zote mbili. Nilidhani gari itapanda sentimita 3. Nilipopima nyumbani ilikuwa imepanda karibu 6! Sababu ni hii, shokapu kwenye hizi gari haikai kwenye tairi, inakaa kama katikati ya aamu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye chesisi), kwa hiyo ukisukuma pale katikati sentimita 1 kule mwisho kwenye tairi inakuwa karibu 2. Hii hesabu ishikeni sana, kabla hujaweka spesa yoyote juu ya shokapu zidisha mara mbili. Basi gari ilipendeza, watu wakasifia, nikaenda nayo Kondoa na kurudi mara kadhaa, baadaye nikawa nasikia ta-ta-ta-ta kila nikikata kona. Nilipochungulia nikaona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu na kwenye aamu, mpira wa draivu shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) umechanika kwenye mikunjo, vumbi limeingia ndani limechanganyika na grisi limekuwa kama msasa. Draivu shafti ilikuwa imelazimishwa kufanya kazi kwenye pembe kali muda wote. Nilinunua ya kulia nzima na ya kushoto nikaiwahi kwa kubadili mpira. Pesa ile ingetosha springi nzuri na chenji ikabaki.

Ndio maana nasema kwa gari ya kawaida isizidi sentimita 4 kwenye tairi, na mimi sasa niko kwenye 3 tu. Ukivuka 5 unaanza kuingia kwenye aamu za juu mpya na kushusha difu ya mbele (gia inayogawa nguvu kwa tairi za mbele), na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kabla ya kununua chochote kagua kilichopo. Inua tairi moja, shika juu na chini utikise, ikicheza angalia bolijointi (kiungo cha duara kati ya aamu na tairi) na beringi. Shika kushoto na kulia utikise, ikicheza ni tairodi endi au reki, vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi. Ingiza mtaimbo kwenye bushi za aamu uzibane taratibu uone kama mpira umepasuka. Angalia shokapu kama ina mafuta yanayoshuka na kukamata vumbi, ukiona imevaa koti la udongo uliolowa hiyo imekufa. Njia nyingine, endesha kwenye rafu kama dakika 20, kwa mfano njia ya Kibakwe au zile za kwenda Kwa Mtoro zenye vituta kama bati, simama, gusa kwa uangalifu shokapu ya kushoto na ya kulia. Shokapu inayofanya kazi inapata moto kwa sababu kazi yake ni kugeuza ule mtikisiko kuwa joto. Ikiwa moja ni ya moto na mwenzake imepoa, iliyopoa haifanyi kitu.

Kwenye kununua, kama pesa ipo chukua springi na shokapu kwa pamoja, na siku zote badilisha pea, usithubutu upande mmoja. Springi wanazipanga kwa uzito, kwa hiyo mwambie muuzaji ukweli, gari ina bamba la chuma mbele au haina, ina winchi au haina. Ukiweka springi ya gari yenye bamba kwenye gari isiyo na bamba itapanda kupita ulivyotaka na itakurusha kama punda. KYB za gesi zinapatikana na kwa matumizi ya kawaida zinatosha, Old Man Emu za Australia ni nzuri kwa rafu ndefu lakini bei imechangamka. Wengi tunaagiza Gerezani, Dar, mzigo unakuja na basi, sasa omba picha ya namba iliyogongwa kwenye springi kabla hujatuma hela, maana kushoto na kulia wakati mwingine hazifanani. Na agiza pamoja nazo zile raba za juu za shokapu, bei yake ndogo na za zamani huwa zimekufa.

Kazi yenyewe. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, weka vizuizi nyuma, piga jeki, kisha weka stendi mbili imara chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi, na tofali halitoshi, tofali linapasuka bila kukuaga. Toa tairi, fungua linki za stabilaiza (fito inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili ili isikubane, legeza bolti ya chini ya shokapu. Kwenye bolijointi ya juu chomoa pini, legeza nati lakini usiitoe yote, gonga nyundo pembeni ya ile nako (chuma kinachobeba habu ya tairi) inayoishika mpaka iachie, usitumie uma wa kuchokonoa maana unachana mpira wake. Ikiachia, funga habu kwa kamba nzito au iegemeze kwenye kitu, isije ikaanguka ikavuta bomba la breki na waya wa ABS. Kisha toa kabisa ile nati ya bolijointi na bolti ya chini ya shokapu, ndio ufungue nati tatu za juu kwenye chesisi, shokapu inatoka na springi yake.

Hapa naomba mtulie. Ile nati ya katikati kabisa, ya kwenye ncha ya shokapu, USIIGUSE kama springi haijabanwa. Springi pale imeshindiliwa kwa nguvu na nati hiyo ndiyo inayoizuia, ukiifungua inaruka na inaweza kuua. Nimeona kwa macho yangu kijana wa gereji amefunga springi kwa waya wa kujengea, waya wa nondo ule, akaanza kufungua nati uso wake uko juu yake. Nilimtoa pale kwa kumvuta shati. Tumia kibanio cha springi cha kweli, vyuma viwili pande mbili zinazotazamana, kaza zamu kwa zamu nusu mzunguko, uelekeze ncha mbali na watu, mpaka uone springi inacheza kwenye kiti chake. Kama gereji haina kibanio peleka kwingine.

Kurudisha ni kinyume chake, hakikisha tu mwisho wa springi umekaa kwenye kile kijingazi cha kiti. Jambo ambalo mafundi wengi wanaruka ni hili, bolti ya chini ya shokapu na bolti za aamu usizikaze mwisho tairi zikiwa zinaning'inia. Zikaze kwa mkono tu mwanzo, shusha gari, itikise, ndio ukaze ikiwa imesimama kwa miguu yake, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha gari yako. Ukikaza ikining'inia ile bushi ya mpira inabaki imesokotwa muda wote na haifiki mbali.

Wenye Hilux za zamani zenye tosheni baa (fito ya chuma inayosokotwa badala ya springi) nyie hamna springi ya duara, kuna bolti ya kurekebisha kule nyuma ya fito. Inua tairi zining'inie ndio uzungushe, kidogo kidogo, zamu sawa kushoto na kulia, shusha, isogeze, pima tena. Msipande sana, gari haiwi ngumu kama watu wanavyosema ila mguu unakosa nafasi ya kushuka, kila shimo unasikia gongo.

Ikimalizika nenda alaimenti (kupanga pembe za tairi) siku hiyo hiyo. Ukinyanyua pua tairi zinabadilika pembe, zitalika upande mmoja, na usukani utatangatanga barabara ya Morogoro kila ukipishana na semi. Kwenye Vigo zile bolti za aamu ya chini zina kamu (vyuma vya umbo la yai vinavyosogeza aamu) za kurekebisha, mwambie fundi azitumie zote sio kuishia kwenye tairodi tu. Usiku simamisha gari mbele ya ukuta ushushe taa. Kata usukani mpaka mwisho pande zote uone bomba la breki halijavutika na tairi haigusi popote.

Na paka alama ya rangi kwenye kila nati uliyokaza, mstari mmoja unaopita nati na chuma. Baada ya kama kilomita 500 lala chini na tochi uangalie mistari. Yangu ilikuwa imekaa yote isipokuwa moja ya linki ya stabilaiza, nikaikaza. Pima tena urefu wakati huo huo, springi mpya hukaa ikashuka kidogo, yangu ilishuka kama milimita 8 na pande zote mbili zikalingana.