Kabla hujalipa pesa ya gasi, tingisha rilei kwanza

Watu wangu wa Lamu, na nyinyi wa Malindi pia maana chumvi ya bahari ni ile ile, friji ikiacha kugandisha neno la kwanza utakaloambiwa ni "gasi imeisha". Sisi hapa Langoni tuliambiwa hivyo hivyo, wiki moja kabla ya Ramadhani, bi mkubwa ana samaki wake ndani na paketi za barafu za kuuza, fundi akaja akapapasa nyuma akasema gasi, akajaza akalipwa akaenda zake. Siku kumi hazikufika friji ikanyamaza tena. Kumbe gasi haikuwa na neno, ni rilei imekufa, kile kisanduku kidogo kinachoisaidia kompresa iwake, na fundi alipochomoa waya zake na kuzirudisha ikashika kwa muda tu, sote tukaona amepatia.

Elewa kitu kimoja. Gasi ya friji si kama ya jikoni kwamba inatumika mpaka mtungi uwe mwepesi, ile inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa miaka na miaka. Ikipungua maana yake kuna tundu mahali, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anatia maji kwenye pakacha.

Kwa hivyo anza kwa kusikiliza. Zima redio, kaa karibu na friji dakika kumi. Ukisikia "tik", inanguruma sekunde chache kama inataka kuondoka halafu "tik" tena kimya, baadaye inajaribu upya, hiyo ni kompresa, ile mota inayosukuma gasi, inashindwa kuwaka, mara nyingi ni rilei. Lakini kompresa ikiwa inazunguka masaa yote, ina joto, na baridi hakuna au barafu imeshika kona moja tu, hapo ndio uanze kufikiria gasi. Na kama ni zile za nofrosti, zinazojiyeyushia barafu zenyewe, juu kunaganda ila chini maziwa yanachacha, angalia feni ya ndani, au barafu imejaa nyuma ya ule ukuta wa plastiki kwa sababu hita au taima ya kuyeyusha imeharibika. Hiyo ya mwisho ni kazi ya kufungua ndani, mwachie fundi.

Ngoja, kabla hujafungua chochote hakikisha stima yenyewe. Yetu ni 240V ila jioni kila mtu amewasha vitu vyake inaweza kushuka, taa ikiwa inafifia usilaumu friji, jaribu tena alfajiri. Na stima ikikatika ikarudi papo hapo, ngoja dakika tano ndio uchomeke, presha ya ndani inataka kutulia kwanza la sivyo kompresa itagoma na kufanya "tik" hata kama ni nzima. Kile kifaa cha kulinda friji cha kwenye soketi kinafanya kazi hiyo ya kungoja, kinunue, ni rahisi kuliko kompresa.

Haya sasa kazi. Toa plagi ukutani, nimesema toa, si kuzima swichi tu. Vuta friji mbele. Kompresa ni lile dude jeusi la chini nyuma, ubavuni ina kifuniko cha plastiki kilichobanwa na waya, kiinue na bisibisi bapa kitatoka. Ndani utaona rilei, kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye pini, na ovaloadi, kiduara cheusi kama kizibo cha soda kinachokata stima kompresa ikielemewa. Piga picha na simu kabla hujachomoa waya hata moja, usijiamini, utasahau. Kama kuna kapasita (ile kama betri nene yenye waya mbili) usishike miguu yake kwa vidole, inaweza kuweka stima hata plagi ikiwa nje.

Rilei ivute moja kwa moja kuja kwako, pole pole, usiipinde wala kuizungusha, zile pini zimeshikwa na kioo na kioo kikipasuka gasi inatokea hapo, utakuwa umejitengenezea ugonjwa ambao hukuwa nao. Ikishatoka itingishe sikioni. Zile za kidonge ndani, nzima huwa iko kimya. Ya bi mkubwa ilikuwa inalia kama buyu kavu, chakacha chakacha, na nilipoinusa ina harufu ya kuungua, ndani kile kidonge cha rilei kimevunjika vipande vipande. Basi, ugonjwa wote ndio huo. Ila kimya peke yake si ushahidi kuwa ni nzima, iangalie pia kama imepasuka au imeyeyuka mahali.

Hapo hapo tazama pini za kompresa. Sisi wa baharini zinafanya kutu, pitisha msasa laini kidogo tu mpaka zing'ae. Ukiwa na mita ya kupimia stima, iweke kwenye omu (alama ya Ω) upime pini mbili mbili, utapata namba tatu, na ile kubwa lazima iwe sawa na zile mbili ndogo ukizijumlisha, mfano 12 na 18 halafu 30. Kisha pima kila pini na mwili wa kompresa pale ulipokwaruza rangi, hapo mita isisome kitu. Ikisoma, kompresa imeungua, rilei mpya haitaisaidia, na usiirudishe kwenye stima itakurusha. Ovaloadi nayo ikiwa imepoa lazima mita isome inapitisha, isipopitisha imekufa.

Kununua spea ndio mtihani wa huku kwetu. Nilifanya ujinga nikampigia mtu Mombasa nikamwambia "nitumie rilei ya friji ndogo", ikaja kwa basi mpaka Mokowe ikavuka na boti, kufungua matundu yake hayaingii kwenye pini zangu. Siku tatu nyingine tukiomba barafu kwa jirani. Wewe tuma picha ya rilei ya zamani pande zote, maandishi yake yasomeke, na picha ya stika ya kompresa. Ovaloadi lazima ilingane na nguvu ya kompresa, kama ni 1/6 HP (nguvu ya farasi) usichukue ya 1/4 eti ndio iliyopo dukani, maana hiyo kubwa itachelewa kukata na kompresa itaungua. Kuna zile za kuingia friji yoyote zenye waya tatu, zinawasha kweli, ila mimi naziona za kusukuma siku tu mpaka ile yenyewe ifike.

Mpira wa mlango pia watu wanaudharau. Funga mlango juu ya noti ya mia kisha ivute, ikitoka bila kubishana mpira haushiki hapo, na kwa unyevu wetu huu utaona barafu inajaa kila siku. Ukiwa haujachanika uoshe kwa sabuni, umwagie maji ya moto kidogo pale ulipolala, uuvute kwa vidole urudi umbo lake. Ukiwa umechanika nunua mwingine kwa modeli ya friji.

Tundu la gasi mara nyingine watu hulitoboa wenyewe kwa kisu wakibandua barafu. Weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, subiri. Na kama kweli ni gasi, soma stika, ikiwa imeandikwa R600a ile inashika moto, fundi asichomelee jikoni karibu na jiko la makaa, na aje na mizani kwa sababu inapimwa kwa gramu, makumi tu kwa friji ya nyumbani, si ya kukisia kwa sikio.

Ukimaliza rudisha kifuniko ndio uchomeke, usiwashe pini zikiwa wazi. Friji usiirudishe kwenye kona ya chini ya ngazi imebanwa na kuta za mawe, iachie nafasi ya kiganja ipumue, na upige brashi vumbi la nyuma. Ya bi mkubwa iliondoka mara moja bila "tik", usiku ule ule barafu ikashika. Ile rilei mbovu sijaitupa, iko kwenye kopo la misumari, jirani akija kuniambia friji yake imeisha gasi namtingishia asikie mlio kwanza.