Maji ya limao kwa tumbo la asubuhi ya baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya, Iringa na Njombe, wengi hufika jioni wakiwa wamekunywa vikombe viwili tu vya chai. Baridi huondoa kiu, lakini mwili unaendelea kuhitaji maji. Yakipungua, utumbo mpana hunyonya zaidi yale yaliyobaki kwenye mabaki ya chakula, choo kinakuwa kikavu na kigumu, na ugali wa sembe iliyokobolewa unazidisha tatizo. Maji ya limao ya uvuguvugu yanafaa hapo kwa sababu yananyweka hata asubuhi ambayo maji baridi hayapiti kooni. Kinacholainisha choo ni maji yenyewe. Limao linayapa ladha, pamoja na faida ndogo zilizoelezwa hapa chini.

Kuandaa kikombe kimoja

Chemsha maji jioni. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yaache yatokote dakika 3, ndipo uepue. Mengine yaweke kwenye chupa ya chai, mengine kwenye chombo safi chenye mfuniko yapoe. Usikwepe kuchemsha kwa kutegemea limao "liue wadudu": uchachu wa kijiko kimoja ndani ya kikombe hautoshi kukukinga na homa ya matumbo.

Asubuhi changanya sehemu moja ya maji ya moto ya chupa ya chai na sehemu mbili za yaliyopoa usiku. Utapata joto linalokaribiana na la mwili, bila kipimajoto. Kikombe kiwe cha mililita 250.

Limao lililolala kwenye jiko la baridi huwa gumu na hutoa juisi kidogo. Litumbukize kwenye maji ya moto kidogo kwa dakika 2 au 3, kisha liviringishe mezani kwa kiganja mpaka lilegee. Osha ganda, kata, kamua nusu yake kupitia chujio. Limao la kadiri hutoa vijiko 3 vya chakula, hivyo nusu ni kijiko kimoja na nusu. Ukitumia ndimu, anza na kijiko kimoja. Tia juisi kwenye maji yaliyokwisha kuwa vuguvugu, kwani joto kali huharibu vitamini C.

Kunywa dakika 15 hadi 30 kabla ya kifungua kinywa, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji matupu. Tumbo likijaa baada ya usiku mrefu, utumbo mpana hupata msukumo wa kusogeza kilichomo. Kwa hiyo usiondoke nyumbani mbio kuwahi daladala. Jipe dakika chache za kwenda chooni.

Yanayoharibika

Yakiwa machungu, umechemsha limao na ganda lake, umekamua mpaka mbegu zikapasuka, au juisi imekaa saa nyingi. Kamua ya kunywa wakati huo tu. Usichemshe limao kwenye sufuria ya aluminiamu, maana asidi huila sufuria na kinywaji kinapata ladha ya chuma. Na ukishakamua ndimu, nawa mikono kabla ya kwenda juani: juisi yake ikipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuacha malengelenge na madoa meusi ya wiki nyingi.

Meno ndiyo yanayoumia kimyakimya, na yakishalika hayaoti tena. Asidi hulainisha tabaka gumu la nje la jino. Maliza kikombe kwa mara moja, usikinywe kidogokidogo asubuhi nzima. Suuza kinywa kwa maji matupu, na usipige mswaki mpaka zipite dakika 30. Mrija unasaidia. Kikombe kimoja kwa siku kinatosha. Maji mengine ya siku yawe matupu.

Limao lifanyalo na lisilofanya

Haligeuki kuwa alkali (kinyume cha asidi) tumboni, kwa sababu asidi ya tumbo yenyewe ni kali kuliko kikombe chako. Halisafishi ini wala halikaushi mafuta ya kiuno. Sitireti yake, yaani chumvi ya asidi ya limao, hupita kwenye mkojo na kusaidia kuzuia aina fulani za mawe ya figo. Vitamini C yake husaidia utumbo kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Kwa hiyo ile nusu iliyobaki ikamulie kwenye maharage ya mchana, na chai isogeze saa moja baada ya kula, kwa kuwa chai huzuia chuma hicho. Faida hii hupuuzwa mno, na kwa mama mjamzito ina uzito kuliko habari zote za "kusafisha tumbo".

Choo kikiendelea kuwa kigumu baada ya wiki ya maji ya kutosha, tafuta nyuzinyuzi: dona badala ya sembe, maharage, majani ya maboga, parachichi la Rungwe au Njombe. Kikombe cha limao hakina nyuzinyuzi za maana.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aache limao kabisa na anywe maji vuguvugu matupu. Vidonda vingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu kama diklofenaki, na vina tiba yake hospitalini. Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, ukakonda bila sababu, au tumbo likavimba na kuuma huku choo wala hewa havitoki, nenda hospitali siku hiyohiyo.