Kabla hujaenda kuzuru makaburi ya mawalii Somalia, anza na wazee wa nyumbani

Kila Mfungo Sita ikikaribia kuna watu hunipigia simu, wengi vijana wa asili ya Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia, waliozaliwa huku Mombasa au waliokulia Ulaya, swali ni lile lile, nataka kwenda kuzuru makaburi ya mababu, nibebe nini. Wanategemea niwaambie habari za tiketi na viza. Mimi nawaambia hayo ni ya mwisho kabisa, ya kwanza ni majina. Manake ukifika hujui jina la unaemtafuta utaonyeshwa mchanga mtupu, kusini kule Al-Shabaab walianza kubomoa makaburi ya mashekhe tangu 2008, kuba zimelazwa chini, pengine hata jiwe la kichwani halipo. Nani kalala wapi ni jambo lililobaki kwenye vichwa vya wazee, na wazee wenyewe wengi hawako Somalia, walitoka na vita vya 1991, wako kwetu hapa, wako London, wako Columbus Marekani, na kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo kaa nao kwanza, na ukae sawasawa. Mimi nilimkalisha nyanya yangu sebuleni baada ya laasiri nikaweka simu juu ya kimeza, nikamuuliza babake kazikwa wapi. Hakunitajia mtaa. Alifunga macho akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, kila pingili babu mmoja, alipofika kwenye gumba akarudia mwanzo mpaka yatoke kwa mpangilio, alafu akaanza kutembea kwa mdomo, ukitoka msikitini bahari iwe mkono wa kulia, upite kisima, upite nyumba ya fulani, na yote hayo kwa Chimini, lugha ya Barawa iliyo ndugu ya Kiswahili, sio kwa Kiswahili chetu. Nilikuja kusikiliza usiku, feni imekula nusu ya maneno. Nilirudi kesho yake lakini hakusema tena vile vile. Basi zima feni, funga dirisha la barabarani, rekodi kwa simu mbili, na usimkatize kumwambia aseme Kiswahili, mji wenyewe wanauita Mwini na ki yetu kwao ni chi, ukizoea siku mbili tatu utamfuata tu.

Muulize pia habari za Dada Masiti, yule sharifa wa Barawa aliyefariki 1919, sababu wanawake wengi wa umri huo wanazijua steenzi zake, yani tenzi zake za dini, kwa moyo na kaburi lake lilikuwa likizuriwa. Sijui kwa nini vijana wetu wakiulizwa washairi wa Kiswahili wanataja wa Lamu na Mombasa peke yake.

Jambo la pili ni silsila yako, yani mnyororo wa mashekhe ambao tarika yako imepitia, hata kama huna damu ya Kisomali. Ukiwa wa tarika ya Kadiriya na unatokea Zanzibar, Tanzania bara au Kongo kuna uwezekano mkubwa dhikri yako ilipita kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa 1847, akachukua ijaza, ruhusa ya kufundisha, Baghdad, akaja Zanzibar enzi za Sayyid Barghash na wanafunzi wake wakaieneza bara. Muulize khalifa wa zawiya yako akutajie mnyororo mpaka kwa Sheikh uuandike, ukifika kule ukautaja unapokelewa kama mtoto wa nyumbani. Na ujue alivyokufa, aliuliwa Biyoley 1909 na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan ambao walikuwa wa tarika nyingine, Salihiya, na ugomvi mkubwa kati yao ulikuwa tawasuli, yani kuomba kwa kupitia mawalii. Nalitaja kwa sababu watu hudhani ugomvi wa makaburi umeletwa juzi, kumbe una miaka zaidi ya mia, na bado kuna familia ambazo ndugu wawili hawapatani juu yake, usiende kuwa hakimu kwenye nyumba ya watu.

Alafu kuna suala la ukoo, hili ndo linahitaji matayarisho kuliko yote. Kwa Wasomali kaburi la walii mara nyingi ndo kaburi la babu wa ukoo mzima. Kule Sanaag, kaskazini, Sheikh Isaaq kazikwa Maydh kwenye ufuo na Sheikh Daarood kazikwa Haylaan, na mtoto mdogo anaweza kukusomea abtirsi, babu baada ya babu mpaka afike kwa mmoja wa hao. Wapo wanahistoria wasiokubali kwamba mababu hawa walitoka Uarabuni kama inavyosimuliwa. Yasome yote kabla ya kwenda, lakini pale kaburini nyamaza, mtu anakusomea baba zake ishirini wewe unamwambia imeandikwa hivi na hivi, huo ni utovu wa adabu. Na usimuulize mtu ukoo wake mlipokutana tu, watu wameuliwa kwa jibu la swali hilo mwaka 1991, subiri ataje mwenyewe.

Mfano mzuri ni Aw Barkhadle, karibu na Hargeisa ukielekea njia ya Berbera. Hapo kalala Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ndie anaehesabiwa kuwa aliwatungia Wasomali njia ya kusoma irabu za Kiarabu kwa lugha yao, na watoto wa chuoni mpaka leo wanaimba alif la kor dhabay, alif la hoos dhabay, alif la godey. Utasimuliwa alivyoshindana na mchawi Bu'ur Ba'ayr akamfungia ndani ya mlima. Ni hadithi tamu, ila Wayibir, jamii ndogo ya Wasomali, wanahesabiwa kizazi cha yule mchawi, na kwa sababu hiyo walikuwa na haki ya kupewa samanyo, zawadi mtoto wa kiume akizaliwa, kama fidia ya damu ya babu yao, na wakati huo huo walidharauliwa, hawaozwi mabinti wa koo kubwa. Hadithi moja inampa huyu heshima na inamvunjia yule. Huwezi jua dereva wako ni nani, kwa hiyo isikilize vizuri usiicheke.

Ukipita Mogadishu jifunze kusoma tarehe za Hijria kabla. Mnara wa msikiti wa ijumaa wa Hamar Weyne, mtaa wa kale wa mji huo, umeandikwa 636, ndo 1238 hiyo, na msikiti wa Fakhr ad-Din ni 667, yani 1269 hivi, Ibn Battuta alipofika 1331 kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa ilikuwa tayari ni misikiti ya zamani. Mtu aliyezoea matumbawe na chokaa za Lamu atajiona yuko kwao.

Usibebe pesa za simenti. Hili nalisema kwa uchungu, ukoo wetu ulichanga kutengeneza kaburi moja la babu huku pwani ya Kenya, fundi akapiga simenti na vigae, maandishi ya zamani yakafunikwa, na baada ya mvua za misimu michache matumbawe yakaanza kubomoka kwa ndani maana unyevu hauna pa kutokea. Piga picha kwanza, nakili maandishi, tafuta anaejua chokaa.

Usalama, niseme wazi. Hargeisa na Aw Barkhadle panaendeka, ila viza ya Somaliland, kaskazini kule kunakojitawala na Hargeisa ndo mji wake mkuu, na ya Mogadishu usidhani ni moja, uliza zote mbili. Barawa iko mkononi mwa serikali tangu Oktoba 2014 lakini barabara za kwenda huko bado ni hatari, na Biyoley usijaribu hata kama mtu kakwambia anaijua njia. Ukipiga picha ya kaburi lililosimama usirushe mtandaoni na lokesheni, kuna watu wanatafuta la kubomoa. Maydh na Berbera epuka miezi ya Juni mpaka Agosti, joto lake hata wenyeji wanalikimbia. Beba dola safi zisizochanika, na ukifika nunua laini maana malipo mengi ni ya simu, Zaad kaskazini na EVC kusini. Tarehe ya hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya walii, thibitisha kwa simu wiki ile ile, inafuata mwezi mwandamo.

Zawadi ya kaburini ni ubani, kahawa na sukari, mpe msimamizi mkononi. Mkienda na kina mama uliza mapema wanakaa upande gani, na mkikuta wanawake wa huko wanaimba sitaad, zile qasida zao za kina Hawa na Fatuma, simu ibaki mkobani mpaka mmoja wenu amwombe ruhusa yule anaeongoza.