Kuchagua Fremu ya Miwani: Pua Kwanza, Umbo la Uso Baadaye

Wengi wakiingia duka la miwani, huuliza kwanza kama uso wao ni wa duara au wa mraba. Swali hilo lina nafasi yake, ila lisitangulie. Fremu inayoteleza haimpendezi mtu, hata umbo lake liwe zuri namna gani.

Kama una miwani ya zamani inayokukaa vizuri, nenda nayo dukani. Upande wa ndani wa mkono wake utakuta namba kama 52-18-140. 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni upana wa daraja linalokalia pua, 140 ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Fremu mpya ikitofautiana na ile hata kwa milimita 2 kwenye daraja, pua itakuambia.

Pua ndiyo huwasumbua watu wa kwetu zaidi. Fremu nyingi za plastiki hutengenezwa kwa kufuata pua nyembamba iliyoinuka kati ya macho. Ukiwa na pua pana isiyoinuka kati ya macho, daraja halipati pa kushika: miwani inashuka, ukingo wa chini unakalia mashavu, na kila ukicheka inapanda. Jua la mchana Kisumu likikutoa jasho, hali huwa mbaya zaidi. Usikubali fundi akutatulie shida hiyo kwa kukaza mikono, kwa sababu itakubana nyuma ya masikio na fremu iendelee kushuka. Chukua fremu yenye vipedi vya silikoni vya kukalia pua, vilivyoshikwa na nyaya nyembamba, ambazo fundi anaweza kuzipanua au kuzisogeza. Zipo za chuma, na hata za plastiki zenye vipedi hivyo zinapatikana ukiuliza. Kipedi kilale chote juu ya ngozi. Kikigusa kwa ncha tu, kitachimba alama na mwishowe kidonda.

Upana wa fremu ulingane na uso wako kwenye panja. Mikono isiguse kichwa mpaka ikaribie masikio. Ikitanuka kuanzia kwenye bawaba, fremu ni ndogo na jioni utaumwa kichwa. Mkunjo wa mkono nao uanze pale pale juu ya sikio. Ukianzia nyuma zaidi, miwani itateleza.

Sasa lenzi. Muulize aliyekupima umbali kati ya mboni zako na umwombe auandike kwenye karatasi ya vipimo. Tuseme ni milimita 62. Fremu ya 54-18 ina jumla ya 72 (lenzi na daraja), yaani tofauti ya 10, hivyo kila lenzi itabidi isogezwe milimita 5 kuelekea puani. Kwa asiyeona mbali mwenye namba kubwa ya lenzi, tuseme −5, upande wa nje wa lenzi utakuwa mnene na mzito. Fremu ya 46-20 ina jumla ya 66, na lenzi husogea milimita 2 tu. Mtu huyo achague lenzi ndogo zilizokaribia duara, ndani ya fremu yenye ukingo kamili. Asetati nene, aina ya plastiki ya fremu, huficha unene vizuri kuliko waya. Fremu zisizo na ukingo aachane nazo. Anayehitaji lenzi moja ya mbali na karibu, zile za progresivu, atafute lenzi yenye kimo cha milimita 28 hadi 30. Ikiwa fupi zaidi, sehemu ya kusomea hukatwa, na hapo pesa zimepotea bure.

Zikibaki fremu tatu nne zinazokukaa, hapo ndipo umbo la uso liamue. Uso wa duara hupendeza na fremu yenye pembe. Taya pana hulainishwa na duara au yai. Uso mrefu unataka lenzi yenye kimo. Ukingo wa juu ufuate nyusi bila kuzifunika.

Kabla ya kulipa, inama utazame viatu vyako, tikisa kichwa, kisha cheka kwa mdomo wazi. Miwani ikae usoni kwa dakika 10, uivue, utazame alama za puani. Anayeendesha boda boda aende na helmeti yake aijaribu pamoja na miwani. Mikono minene hubanwa hapo, ile myembamba iliyonyooka hupita.

Fremu za bei ya chini za soko la Kibuye si lazima uzikatae, ila zionyeshe kwanza kwa fundi atakayeweka lenzi. Plastiki dhaifu hupasuka wakati wa kuingiza lenzi, na bawaba isiyo na skrubu haikazwi ikilegea.

Mtoto usimnunulie fremu kubwa ili aikulie. Itamshuka puani naye atachungulia juu ya lenzi, macho yabaki bila msaada.