Mulondo shambani: chukua mizizi ya pembeni, shina liache lizae tena

Ukipita katikati ya Kampala huwezi kukosa kuwaona wale vijana wenye mafungu ya mizizi ya kutafuna mkononi, "mulondo, mulondo", wanazunguka nayo kwenye foleni ya magari na kwenye teksi paki, na wateja hawakosi, hasa wanaume jioni jioni. Mizizi mingi ya aina hiyo inatoka msituni na vichakani. Mtu anaenda na jembe lake, anang'oa mmea mzima na shina lake, analijaza gunia, safari ijayo anasogea mbele kidogo. Ndo maana kuna vijiji ambavyo wazee wanakumbuka mulondo ukijiotea tu kando ya migomba na leo ukiutafuta unazunguka siku nzima. Wenzetu wa upande wa Kenya, karibu na msitu wa Kakamega, wao wanauita mukombero, na walianza kuupanda mashambani baada ya kuona wa msituni unaadimika. Hapa kwetu wengi bado tunauchukulia kama kitu cha porini, cha bure, wakati hata huo ubure si wa kweli: msitu wa hifadhi kama Mabira uko chini ya NFA, yani mamlaka ya misitu ya taifa, ukikamatwa unachimba bila ruhusa hiyo ni kesi.

Kwa hiyo mimi nasema upande kwako. Si lazima ekari, hata mistari miwili nyuma ya nyumba inatosha kuanzia. Ila kuna jambo moja ambalo usipolishika kazi yote itakuwa bure, nalo ni namna ya kuvuna, tutalifikia.

Kwanza hakikisha unachopanda ni mulondo kweli. Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei, ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, majani yake makubwa yana umbo la moyo na yanakaa mawili mawili yakitazamana. Ukiangalia pale majani yanaposhikana na shina utaona kitu kama kola yenye pindo lililochanikachanika, hiyo ni alama nzuri sana. Ukikata unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Halafu kwaruza ganda la mzizi kidogo unuse: harufu ni ya vanila, tamu, haifichiki, na ukitafuna unaanza uchungu kidogo halafu utamu unakuja nyuma. Utomvu mweupe peke yake usikudanganye, kwa sababu mulondo una ndugu wengi kwenye ukoo wake wanaotoa utomvu na wengine ni sumu ya moyo, kuna Strophanthus ambayo watu wa zamani walipakia mishale. Kwa hiyo ukiwa na shaka usitafune, mpelekee mtu anayejua. Fort Portal kuna Tooro Botanical Gardens, wale wanashughulika sana na mimea ya dawa, unaweza kuwaulizia hata habari ya miche.

Mbegu ndo njia nzuri kuliko zote. Matunda yanatoka mawili mawili kama pembe, yakikauka yanapasuka yenyewe, na ndani kila mbegu imefungwa kishungi cha nywele laini nyeupe kama hariri. Upepo ukipiga tu zimekwenda, unabaki unatazama juu. Kwa hiyo ukiona tunda limeanza kubadilika rangi kutoka kijani, lifunge na kitambaa chepesi au kipande cha chandarua kikuukuu, lisubiri lipasukie humo humo. Toa nywele kwa kusugua na viganja, na panda mapema, mbegu ya mulondo ikikaa sana inakufa, usiitunze kama mahindi ukisubiri msimu wa mwaka kesho. Vipandikizi vya shina pia vinawezekana, chukua kipande cha shina lisilo changa sana wala lisilo gumu kama kuni, chenye macho mawili au matatu, ila vinachelewa kushika na vingine vinaoza tu, kwa hiyo nakuambia mbegu.

Kitalu chake si cha ajabu. Udongo mweusi wa juu, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri, jaza kwenye viriba au hata kwenye kavera (mifuko ya plastiki) za maziwa ulizotoboa chini, fukia mbegu kina cha sentimita moja tu, mwagilia kwa kunyunyiza na uwekee kivuli cha majani ya mgomba. Ndani ya wiki chache zinaota. Miche ikifika urefu wa futi moja hivi, anza kuipunguzia kivuli taratibu, halafu subiri mvua: kwa sisi wa Uganda ya kati hapa ni ya Machi mpaka Mei au ile ya Septemba mpaka Novemba, na mimi napendelea ya Machi ukiweza.

Sehemu ya kupanda. Huu ni mmea wa pembezoni mwa msitu, unapenda unyevu, udongo tifutifu wenye mboji na kivuli cha nusu nusu, yani jua lipite lakini lisiuchome kutwa. Ndani ya shamba la migomba na kahawa unakaa vizuri sana, tena kama una mituba (ile miti ya kutengenezea nguo ya magome) au miti mingine ya kivuli tayari unayo nguzo, huna haja ya kununua mbao. Watu wakisikia unapenda unyevu wanakimbilia kwenye kinamasi, hapana, maji yakituama mizizi inaoza, na tena kinamasi NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, watakuja. Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana huo huo, hata kama mche ni mdogo kama kidole, maana hapa tunalima mzizi na mzizi unafuata udongo uliolegea. Ukikuta udongo mgumu chini ukaacha hivyo hivyo, utakuja kuvuna mizizi iliyojikunja kunja ambayo hakuna anayeitaka. Rudishia udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Kama unapanda shamba lake peke yake, acha mita 2 kati ya mistari na mita 1 kati ya mche na mche, ekari inaingia miche kama 2,000, lakini usianze na ekari jamani, anza na miche 50 uone kwanza inakwendaje na nani ananunua.

Ukishapanda, kazi kubwa ni matandazo na kupandisha. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba, nene, ila yasiguse shina. Weka mti wa kupandia mapema, mche ukikosa pa kushika unatambaa chini na kujifunga na kila kitu mpaka mihogo ya jirani. Palizi fanya kwa mkono karibu na shina, jembe liwe mbali, kwa sababu mizizi mingine inakaa juu juu na ukiikata leo ndo hela yako umeikata. Mbolea ya dukani mimi siishauri hapa, mnunuzi wa dawa ya mitishamba anataka kitu safi, samadi na mboji kila mwanzo wa mvua zinatosha. Vidukari wakikaa kwenye vichomozi nyunyiza maji ya sabuni na majivu kidogo. Adui mkubwa ni fuko, huyo haonekani, unashangaa tu mmea umenyauka katikati ya mvua, ukivuta unatoka mkononi bila mzizi. Tega mitego kwenye njia zake mpya. Na adui wa pili ni mtu wa miguu miwili, kwa hiyo panda karibu na nyumba, sisemi zaidi.

Sasa kuvuna. Inachukua kama miaka miwili mpaka mizizi iwe ya kuuzika, na hapo ndo mnunuzi anakuja na boda yake na gunia. Anasema, "Mzee, ng'oa tu yote, nakulipa sasa hivi." Anataka yote kwa sababu mzizi wa katikati ni mnene na fungu linaonekana limeshiba, yeye msimu ujao atakwenda kwa mwingine. Mjibu tu kwa upole, "Mwanangu, nitakuchimbia ya upande huu, ya upande ule njoo mwaka kesho." Akikataa aende. Mulondo ni kama ng'ombe wa maziwa, unakamua, huchinji.

Namna ya kufanya ni hii. Chagua mwisho wa kiangazi, siku chache kabla mvua hazijarudi, na kama ardhi imekauka sana mwagilia jioni ya kuamkia siku hiyo. Anza futi moja kutoka kwenye shina, upande mmoja tu, fukua na kijiti au kisu butu, halafu ingiza vidole ufuate mzizi mmoja mmoja kama unavyotafuta kiazi kitamu bila kung'oa mashina. Ukikuta wenye unene wa kidole gumba au zaidi ufuate mpaka mwisho wake, kisha kata kwa kisu kikali, ukiacha kipande cha kiganja kimoja kwenye shina. Hapo utomvu mweupe utatoka, usiogope, paka majivu makavu kwenye kidonda, acha dakika chache kikauke, ndo urudishe udongo pamoja na samadi mpya. Mizizi myembamba iache, hiyo ndo mavuno ya mbele. Mwaka unaofuata unaingia upande wa pili na ule wa kwanza unapumzika. Mmea ukiwa umedhoofika au majani ni ya njano, usiuguse kabisa mwaka huo.

Osha mizizi haraka kwa maji safi, usiiloweke. Ya kutafuna inauzwa mibichi, funga na majani ya mgomba inakaa siku kadhaa bila kukauka. Ya kukausha ikate vipande, utamu na harufu viko kwenye ganda nene la nje, ule mti wa katikati hauna kitu kikubwa, kwa hiyo wanaonunua kwa ajili ya unga wengi wanataka ganda tu. Anika kivulini penye upepo, juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa, mbali na jiko la kuni. Jua kali linafukuza harufu na moshi unaiharibu, na bila harufu umebaki na kuni. Kipande kikivunjika kwa sauti ya "ta" kimekauka, weka kwenye mfuko wa karatasi au gunia safi, si kavera, humo kinatoa jasho na kuota ukungu. Kusaga saga kidogo kidogo kadiri ya oda, unga unapoteza harufu haraka.

Kuhusu kuuza kama dawa, hapo uwe makini na mdomo wako. Watu wanautumia kwa hamu ya kula, tumbo na nguvu za kiume, hilo liko tangu zamani, lakini utafiti mwingi uliofanyika ni wa panya, usije ukaandika kwenye kibandiko kwamba unatibu hiki na kile. Mama mjamzito na mtu anayemeza dawa za presha au moyo waambie waulize kwanza hospitali. Na ukifikia hatua ya kutengeneza kinywaji au unga wa kwenye chupa kuna UNBS wa viwango vya bidhaa na kuna NDA wa dawa, na hao NDA wameshawahi kukuta vinywaji vya nguvu vilivyoitwa vya asili kumbe ndani mmetiwa sildenafil, ile ile ya kwenye Viagra, wakaviondoa sokoni. Mnunuzi akikuomba uchanganye "kitu kidogo" mfukuze. Kama makaratasi hayo yote huyawezi kwa sasa, uza mzizi mbichi wenyewe, ukiwa na ganda lake na harufu yake, mteja anusie mwenyewe kabla hajatoa pesa.