SOMO: DSLR (kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) au kamera ndogo ya mfukoni? Pitia hatua hizi kabla hujatoa hela

Wakuu, swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila likiulizwa majibu yanageuka mashindano ya majina ya kampuni. Naandika yote mahali pamoja ili anayekuja na swali aelekezwe hapa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: anza na picha unazotaka kupiga, halafu piga hesabu ya mfuko mzima pamoja na lenzi zake. Wengi huanza na bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ndiyo maana wanauza ndani ya miezi michache.

Hatua ya 1: Andika majibu matatu
Utapiga nini, kwa umbali gani, kwenye mwanga gani? "Watoto wanaokimbia ndani ya nyumba usiku" ni jibu. "Picha kali za kila kitu" si jibu.

Hatua ya 2: Tazama sensa kabla ya megapikseli
Sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera ndogo nyingi zina sensa iitwayo 1/2.3, yenye milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Inaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. DSLR za kawaida zina sensa ya saizi iitwayo APS-C: za Nikon ni karibu milimita 23.5 kwa 15.6, za Canon zimepungua kidogo, 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha, ya Nikon ina eneo mara 13 ya ile ndogo. Juani mchana tofauti hiyo huioni sana. Jua likizama, kamera inapandisha ISO (kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa) ili ifidie mwanga, na hapo ndipo sensa ndogo inaanza kutoa chengachenga kwenye nywele, vivuli na ngozi.

Megapikseli zisikusumbue. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, haifiki megapikseli 9. Kamera nyingi za miaka 15 iliyopita zinazidi hapo.

Lakini usidhani kila kamera ndogo ina sensa ndogo. Sony RX100 ya mwaka 2012 ina sensa iitwayo ya inchi 1 (ni jina tu), yenye milimita 13.2 kwa 8.8, mara nne ya ile ya 1/2.3. Ricoh GR ya mwaka 2013 ina APS-C kamili na bado inaingia mfukoni. Ulichokosa ni zumu, lenzi yake haivutiki. Ukikuta kamera za aina hii katika hali nzuri, wengi wenu mngeishia hapo.

Hatua ya 3: Pima uzito wa mfuko wote
Nikon D3500 na lenzi yake ya 18-55 (ni milimita; namba ikipanda, lenzi inavuta karibu zaidi) ni gramu 620 hivi. Ongeza ya 70-300, umepita kilo. RX100 ni gramu 240 ikiwa na betri. Kama unajijua kwamba begi utaliacha nyumbani, chukua ndogo bila aibu.

Hatua ya 4: Lenzi na motor ya fokasi (soma polepole)
Hatua hii niliwahi kuiboronga, ndiyo maana ni ndefu.

DSLR ukiinunua na lenzi ya 18-55 f/3.5-5.6 tu, ndani ya nyumba usiku utasikitika. Ukiivuta hadi 55, tundu la lenzi linabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Lenzi ya 50 f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mahali ambapo shata (muda wa kuingiza mwanga) ilikuwa 1/10 ya sekunde na mtoto anatoka kama moshi, sasa unapata 1/100 na macho yanaonekana. Kwa hiyo, kwa jibu la "watoto usiku", hiyo 50 ndiyo kamera yenyewe. Bodi ni ya kuibebea.

Sasa mtego. Nikon D40, D60, zote za D3000 mpaka D3500 na D5000 mpaka D5600 hazina motor ya fokasi (inayozungusha lenzi ili picha iwe wazi) ndani ya bodi. Lenzi zilizoandikwa AF au AF-D zinategemea motor hiyo. Utaifunga, itakaa vizuri, itapima mwanga, itapiga picha, ila fokasi haitajiendesha. Utazungusha kwa mkono siku zote. Unahitaji iliyoandikwa AF-S, yenye motor yake ndani. D80, D90 na D7000 wanayo motor. Namna ya kuhakikisha bila kusoma chochote: toa mfuniko wa bodi, tazama kwenye ule mduara wa chuma lenzi inapokaa. Kama kuna ulimi mdogo uliochomoza, mfano wa ncha ya bisibisi bapa, motor ipo. Kama ni laini pande zote, haipo.

ONYO la pili: lenzi mpya zaidi za AF-P kwenye bodi za zamani kama D3100, D5100 na D90 hazishiki fokasi kabisa, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inaendeshwa kwa umeme na bodi haielewi amri zake.

ONYO la tatu, kwa wa Canon: motor si tatizo, lenzi zote za EF na EF-S zinayo. Tatizo ni EF-S, zenye alama ya mraba mweupe. Hizo ni za APS-C tu. Usijaribu kuilazimisha kwenye 5D au 6D, ambazo zina sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24: sehemu yake ya nyuma inaingia ndani, na kioo cha ndani ya bodi kikiinuka kitagonga.

Hatua ya 5: Ishike mkononi
Kama kidole hakifiki kitufe bila kuhangaika, iache.

Hatua ya 6: Kagua iliyotumika
Kwa DSLR: weka f/16, elekeza ukuta mweupe au anga, vuruga fokasi makusudi, piga, kisha kuza picha pembe kwa pembe. Madoa meusi yanayokaa palepale kwenye picha mbili tofauti yapo kwenye sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Kisha fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi au utando wa buibui, hiyo ni fangasi, rudisha. Idadi ya shata (mara ambazo kamera imepiga) Nikon wanaiandika ndani ya data za picha yenyewe, programu nyingi za kompyuta zinaisoma. Canon kwa kawaida hawaiandiki humo.

Kwa kamera ndogo: washa na uzime mara kumi, vuta zumu mpaka mwisho na urudishe, sikiliza. Sauti ya kusaga ni mchanga kwenye bomba la lenzi, na ndiyo chanzo kikuu cha lenzi kukwama nje na kamera kuandika hitilafu ya lenzi. Kisha vuta zumu yote, piga karatasi nyeupe. Doa hapo ni vumbi lililofyonzwa ndani wakati bomba likitoka na kuingia, na kulitoa lazima kamera ifunguliwe yote.

Hatua ya 7: Betri
Kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengenezaji kamera wa Japani), D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, RX100 picha 330. Ukichukua ndogo, nunua betri ya akiba siku hiyohiyo.

Maswali yaje.

---

Kijana_wa_Picha: Mkuu somo zuri ila ni refu. Kwa kifupi nichukue ipi?

Mwandishi: Hatua ya 1. Lete majibu matatu, nami nitakujibu.

Kijana_wa_Picha: Nataka tu kamera kali ya kupiga chochote.

Mwandishi: Hilo nimeshaliandika kuwa si jibu. Utapiga nini, umbali gani, mwanga gani?

mdau_huru: Sensa, sensa... Simu yangu ina megapikseli 108. DSLR zenu zina 24. Hesabu haidanganyi.

Mwandishi: Fungua mipangilio ya simu yako uone picha ya kawaida inatoka na megapikseli ngapi. Utakuta 12. Simu inaunganisha pikseli tisa kuwa moja, kwa sababu kila moja peke yake ni ndogo mno kwa mwanga hafifu. Watengenezaji wenyewe wanarudi kwenye eneo la sensa, jambo lilelile la Hatua ya 2.

Mama Taa: Asante sana kwa somo. Naomba kueleweshwa: kwa nini kamera yangu ndogo hata nikiweka f/2.8 nyuma ya mtu hakufifii, wakati kwenye DSLR ya mdogo wangu kunafifia hadi kwa f/5.6?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kamera ndogo kama yako ikiandikwa "25" inazungumzia upana wa kinachoonekana. Urefu halisi wa fokasi wa lenzi yake ni milimita 4.5 hivi, kwa kuwa sensa ya 1/2.3 inakata mara 5.6 ukilinganisha na sensa kubwa ya 36 kwa 24. Lenzi fupi kiasi hicho inashika fokasi karibu kila kitu. Ukizidisha f/2.8 kwa 5.6, nyuma kunatoka kama f/16 ya sensa kubwa ya 36 kwa 24. Ya mdogo wako inakata mara 1.5, hivyo f/5.6 yake inatoka kama f/8 na nusu. Bado nyuma kunafifia kuliko kwako.

Usione kama ni hasara tupu. Kwa wadudu, maua, nyaraka, na vitu vidogo juu ya meza, hiyo ndogo inakusaidia: sogea hadi sentimita chache, washa modi ya ua, mdudu mzima anatoka wazi kuanzia kichwa mpaka mkia. DSLR kwa kazi hiyo inataka lenzi ya makro na tundu la f/11 au dogo zaidi, halafu mwanga hautoshi, unaongeza flashi. Ukitaka nyuma kufifie na hiyo uliyonayo: vuta zumu yote, msogelee mtu kadiri fokasi inavyoruhusu, na umweke mbali na ukuta, mita tano au zaidi.

Mama Taa: Nimejaribu na kikombe kwenye meza, ukuta umefifia kweli. Ubarikiwe.

fundi_simu: Madoa yale ya f/16 ninayo. Nimepuliza kwa mdomo yameongezeka.

Mwandishi: Ni mate. Usirudie. Usitumie pia hewa ya kopo, inarusha kimiminika baridi kwenye kioo cha sensa. Chaji betri mpaka ijae, ingia kwenye menyu ya kusafisha ili kioo kiinuke, geuza mdomo wa bodi utazame chini, pulizia kwa kipulizio cha mpira bila kuingiza ncha ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi kioo kinashuka na kinaweza kugonga ulichoshika, ndiyo maana nimesema ijae. Mate yaliyokauka hayatatoka kwa hewa. Hapo mpe fundi wa kamera mwenye vitambaa na dawa ya sensa.

Rashidi_K: Naona hujataja kamera zisizo na kioo kabisa. Somo limepitwa na wakati.

Mwandishi: Kichwa cha somo kinasema DSLR na kamera ndogo, na hizo ndizo ninazoulizwa. Ni kweli Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020, na ndiyo sababu bodi na lenzi zilizotumika ni nyingi. Lenzi zake hazifi. Za EF zinaingia kwenye RF, mfumo wa Canon usio na kioo, kwa adapta, kwa kuwa kioo kilihitaji umbali wa milimita 44 kati ya lenzi na sensa na RF inatumia 20; adapta inaziba hiyo nafasi ya 24 tu. Za Nikon F (mfumo wa DSLR zake) zinaingia kwenye Z, mfumo wake usio na kioo, kwa adapta ya FTZ, ila FTZ haina motor, hivyo AF-D inakosa fokasi palepale. Rudi Hatua ya 4.

neema.p: Kamera ndogo ya zamani ya marehemu baba inakataa memori kadi ya GB 32. Imeharibika?

Mwandishi: Pole, dada. Haijaharibika. Kamera nyingi za kabla ya 2006 zinasoma SD ya kawaida tu, na hiyo mwisho wake ni GB 2. Ya GB 32 ni SDHC, ina umbo lilelile lakini kamera haijui kuisoma. Tafuta ya GB 2 au GB 1, na uifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kama mdomo wa kadi ni mwembamba au mpana tofauti na SD, huenda ni xD au Memory Stick. Tazama maandishi kwenye kifuniko cha betri. Na kabla ya kufomati kadi yoyote uliyoikuta ndani, nakili picha zilizomo.

neema.p: Ilikuwepo ya MB 512 ndani. Sijaifungua bado.

Mwandishi: Usipige picha hata moja juu yake. Telezesha kile kitufe cha pembeni ya kadi kuelekea upande wa kufunga, itumie na kisoma kadi, nakili kila kitu sehemu mbili, ndipo uendelee.

Juma_lenzi: Nyongeza kwa wenye kamera ndogo wanaolalamika kuwa inachelewa: bonyeza kitufe nusu, subiri kiboksi kiwe kijani, shikilia hapohapo, kisha malizia tukio likifika. Sehemu kubwa ya kuchelewa ni fokasi.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na flashi ya kamera ndogo inaishia mita tatu au nne hivi. Mbali ya hapo izime.

Mama Taa: Swali la mwisho mkuu, fangasi inazuiwaje? Kamera yangu inakaa kabatini.

Mwandishi: Itoe kwenye kabati na kwenye begi la ngozi pia. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka silika jeli na kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa muda mrefu fangasi inaota. Chembe za silika zenye rangi zikibadilika zimeshiba. Ziweke kwenye oveni joto la 120 kwa saa mbili, zikipoa zirudishe. Na itoe kamera kila wiki upige nayo picha chache, lenzi ipate hewa na mwanga.

Mama Taa: Kipima unyevu ninacho cha ukutani. Kinasema 71.

Mwandishi: Basi kopo lianze leo.